Kiwiko cha Mtani

Namba ilipopanda kutoka sitini na nne hadi sabini na moja, Gaudensia Mapunda aliacha chai yake ipoe. Uwanja wa besiboli wa Iringa ulikuwa umefurika mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Jua la alasiri liling'aa bila kupasha joto, kama kawaida yake mwezi wa saba, na macho yote yalikuwa kwa mrushaji wa timu ya nyumbani, Mawe ya Iringa, aliyekuwa akipanda tuta lake katikati ya kiwanja. Gaudensia hakumtazama. Alikuwa kwenye kibanda cha msomaji wa namba, juu kidogo ya benchi la wachezaji, akitazama kioo chenye jina moja, Lukelo Kalinga, na namba moja.

Lukelo akarusha. Mpira ukaenda ukipinda chini kama mtu anayekwepa mdai wake, mpigaji wa Tabora akalizungusha gongo hewani, na uwanja ukalipuka kwa kelele. Namba ikawa sabini na mbili.

Ndani ya kiwiko cha Lukelo palikuwa na uzi mwembamba kuliko unywele, uliotiwa kwa sindano mwanzoni mwa msimu. Kazi ya uzi ule ilikuwa kusikiliza. Kila mpira unaporushwa, kano ya upande wa ndani wa kiwiko huvutika, nyuzinyuzi zake chache huchanika, na mchaniko huo una mlio ambao sikio la binadamu haliwezi kuupata. Uzi uliupata, ukaupeleka kwenye mashine, na mashine ikaulinganisha na milio ya maelfu ya mikono iliyokwisha kukatika huko nyuma. Mashine hiyo ilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo hakuna aliyelikumbuka. Wachezaji waliiita Ramli, na siku hizi hata mafundi wa minara na wabeba mizigo wa bandarini walikuwa wanatiwa uzi na kupigiwa Ramli kila asubuhi.

Huko Iringa, juu milimani, hewa ni nyepesi na mpira haupendi kupinda. Mrushaji anayetaka upinde lazima auminye zaidi na kuuzungusha zaidi, na deni lote hilo hulipwa na kiwiko. Lukelo, kijana wa Kihehe mwenye mikono mirefu na mdomo mrefu kuliko mikono, alikuwa ameuminya tangu zamu ya kwanza. Ilikuwa sasa zamu ya sita kati ya tisa, wapigaji watatu wa kutolewa kila zamu, na hakuna mpigaji hata mmoja wa Tabora aliyefika kwenye besi ya kwanza, kituo anachokikimbilia mpigaji. Si kwa kupiga, si kwa bahati. Hiyo inaitwa mechi safi, na katika ligi nzima, tangu ianzishwe, hakuna mrushaji aliyewahi kuimaliza.

Simu ya kibandani ikalia. Alikuwa Kocha Shemdoe, Msambaa mtaratibu, ambaye hasira yake pia ilikuwa ya taratibu.

"Daktari, mwanangu yuko salama?"

"Kocha, unajua siwezi kukujibu."

"Sijauliza namba, mama. Nimeuliza kama yuko salama."

"Bendera nyekundu haijapanda."

"Haya. Nimekuelewa," alisema Shemdoe. "Halafu sijakuelewa."

Sheria ilikuwa wazi. Namba inaonwa na msomaji peke yake. Ikifika tisini, bendera nyekundu hupanda yenyewe na mchezaji hutoka. Chini ya tisini, uamuzi ni wa msomaji: ana kitufe kimoja, akikibonyeza mchezaji anatoka, na hakuna rufaa. Ila hamwambii mchezaji namba yake, wala kocha, wala mama mzazi wa mchezaji akija kulia mlangoni. Atakayesema anavuliwa usomaji maisha yake yote.

Haikuwa sheria ya ukatili. Msimu wa kwanza wa Ramli wachezaji walikuwa wanaambiwa. Mrushaji akishasikia kiwiko chake kina sitini, anakuwa kama mtu aliyebeba mayai: anakilinda, anabadilisha mrusho bila kujijua, anasukuma kwa bega. Viwiko vikapona na mabega yakaangamia, na bega likishachanika ndani halirudi. Uzi ulisikiliza kiwiko tu. Habari za bega haukuwa nazo.

Gaudensia alikiangalia kitufe. Kinga ni bora kuliko tiba, husema wahenga, lakini wahenga hawakusema kinga itatoa wapi shahidi wake. Msimu uliopita alimtoa kijana mmoja, Tito Nyenza, kwa namba themanini na moja. Picha zikapigwa, kano ikakutwa nzima. Je, ilikuwa nzima kwa sababu alitolewa, au ingebaki nzima hata angeachwa acheze? Hakuna mahali pa kulipeleka swali kama hilo. Tito alipoteza nafasi yake kwa mtu mwingine, na mjini watu wakawa wanamwonyesha Gaudensia kidole: yule ndiye aliyemtabiria mzima ulemavu.

Na Ramli yenyewe, hata kwa ubora wake wote, haikuwahi kusema habari za Lukelo. Ilisema kwamba katika watu mia wenye kiwiko kinacholia hivi, sabini na wawili kitawakatikia kabla mechi haijaisha. Lukelo ni yupi kati ya hao mia, hilo ilimwachia mwanamke mmoja na chai yake iliyopoa. Alikuwa anaogopa, na aliona haya kuogopa, kwa sababu mkono haukuwa wake.

Zamu ya saba ilipoisha, namba ilikuwa sabini na nane.

*

Msomaji anaruhusiwa kushuka benchini mara timu inapopiga, kukagua kama uzi bado unasema. Gaudensia alichukua kipimo chake kidogo akashuka ngazi.

Benchi la Mawe lilikuwa kimya kama nyumba yenye mgonjwa. Wacheza besiboli ni watu wa miiko, na mwiko mkubwa kuliko yote ni huu: mrushaji aliye katikati ya mechi safi hasemeshwi. Hatajiwi, hasifiwi, hapewi hata maji mkononi. Chupa huwekwa kando yake na mtu huondoka. Kwa hiyo Lukelo alikuwa amekaa mwisho wa benchi peke yake, koti limefunika mkono wa kulia, na wenzake wamejibana upande wa pili. Hata Sixbert Luhanga, mdakaji wake, ambaye kazi yake yote ni kumdakia mipira, alikuwa anatazama viatu vyake mwenyewe.

Lakini Gaudensia alikuwa Mngoni. Wangoni na Wahehe walipigana enzi za mababu mpaka pande zote mbili zikachoka, na katika amani yao ukazaliwa utani. Mtani wako anaweza kuja msibani kwako akalala kaburini na kukataa kutoka, na huruhusiwi kukasirika. Mwiko wa besiboli ungemfunga nani, mbele ya jambo kubwa kama hilo?

"Mateka katoroka kibandani," alisema Lukelo bila kugeuka. "Nani kakufungulia kamba?"

"Nimekuja kuhesabu mbwa wa mtaa huu. Tangu uhamie, Mhehe mla mbwa, wenye nyumba wanalia."

Benchi lilipumua. Mtu mmoja alicheka ndani ya glavu yake. Walikuwa wamesubiri zamu saba nzima mtu aseme neno.

Gaudensia alikaa, akafunua koti, akaweka kipimo juu ya kiwiko. Ngozi ilikuwa ya moto. Namba ikajitokeza kwenye kiganja chake, ileile, sabini na nane. Alimtazama kijana huyu aliyemjua tangu alipofika timuni akiwa na begi la kuazima, kijana aliyemletea mahindi ya kuchoma siku yeye Gaudensia alipofiwa na dada yake na kumtukana mpaka akacheka katikati ya machozi. Alimpenda kama watu wanavyowapenda watani wao, yaani kwa matusi na kwa dhati. Akasikia maneno yakimtoka.

"Lukelo, mkono huu unakatika leo."

Lukelo alimgeukia uso umejaa furaha. "Mmesikia? Mmesikia jamani? Mikuki iliwashinda, sasa wamekuja na uchawi!"

"Nasema kweli."

"Ukikatika utauzika wewe! Na matanga upike mwenyewe, mimi nataka ugali na kuku, usiniletee kisamvu."

"Sitanii, Lukelo."

"Na mimi sitanii! Kuku wa kienyeji!"

Benchi zima likaangua kicheko, Kocha Shemdoe naye akajificha nyuma ya kofia. Gaudensia alisimama. Akaelekea ngazini, na alipofika ngazi ya kwanza aligundua jambo lililomtisha kuliko namba. Alikuwa amepata ahueni. Kifua kilikuwa chepesi, na sauti ndani yake ilikuwa inasema: umesema, umemwambia, likitokea la kutokea huna lawama.

Lakini alijua kabla hajafungua mdomo kwamba atachekwa. Mhehe gani anamwamini Mngoni anayemtabiria mabaya? Alikuwa amebisha hodi kwenye mlango aliojua umefungwa, ili baadaye aweze kusema alibisha. Alijichukia palepale, pale ngazini.

Akarudi. Alipofika mbele ya Lukelo alipiga magoti.

Kicheko kilikatika. Gaudensia alikuwa mtu mzima, daktari, angeweza kumzaa kijana huyu kama angeanza mapema, na alikuwa amepiga magoti kwenye saruji kama mwanamke anayempa mkwewe maji. Mtani hafanyi hivyo hata kwa mzaha. Lukelo aliinuka nusu, akakaa tena.

"Simama mama," alisema kwa sauti ndogo. "Watu wanatazama."

"Nakuambia kama daktari," Gaudensia alimnong'oneza. "Kiwiko chako kina sabini na nane."

Lukelo alitupa jicho upande wa pili wa benchi. Wenzake walikuwa mbali vya kutosha wasisikie, na Mawe walikuwa wanapiga, kelele zilikuwa zinapanda na kushuka.

"Kati ya mia?"

"Kati ya mia."

"Kwa hiyo ishirini na wawili wanapona."

"Ndiyo."

"Basi mimi ni wa hao."

"Hujui hilo. Hata mimi sijui. Naweza kukutoa sasa hivi, nikabonyeza kitufe na ukaenda nyumbani na mkono wako."

"Na mechi?"

"Mechi ataimalizia mwingine."

Lukelo aliufunika mkono wake kwa koti, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto. "Ngoja nikuulize," alisema. "Umeniambia ili niamue mimi, au umeniambia ili mzigo wako nikubebee?"

Gaudensia alikizima kipimo kiganjani. Aliona aibu imemfika masikioni. "Uamuzi ni wako," alisema hatimaye. "Mkono ni wako."

"Naamua nacheza. Usinitoe. Nipe neno lako."

"Nimekupa."

Kocha Shemdoe alikuwa amesogea. "Kuna nini hapa? Daktari anapiga magoti?"

"Utani tu, Kocha," alisema Lukelo, na safari hii hakucheka. "Ananiomba msamaha wa vita vya babu zake."

*

Zamu ya nane ilianza na namba ikaanza kushuka.

Gaudensia hakuamini. Sabini na nane ikawa sabini na tatu, kisha sitini na sita. Wapigaji wawili wa Tabora walitoka, wa tatu akapiga mpira mwepesi uliodakwa na mtu wa pembeni, na namba ikawa hamsini na tano. Alijikuta amebana mikono yake katikati ya magoti, anatabasamu peke yake kibandani. Labda kijana alikuwa wa wale ishirini na wawili kweli. Labda kumwambia mtu ukweli si sumu kama walivyofundishwa, maana mwenye mkono ndiye ajuaye jinsi ya kuubeba. Mwanzo wa zamu ya tisa ilikuwa arobaini na moja, na kwa mara ya kwanza tangu saa nane mchana Gaudensia aliinua macho kutoka kwenye kioo akautazama mchezo.

Ndipo alipoona.

Aliyekuwa juu ya tuta hakuwa Lukelo anayemjua. Lukelo hurusha kama mtu anayechapa mjeledi: mguu, kiuno, mgongo, kiwiko kikija mwisho kabisa. Huyu alikuwa anafungua kifua mapema, kiwiko amekishusha karibu na mbavu, na anausukuma mpira kwa bega. Haikuwa tofauti kubwa. Watu wa jukwaani hawakuiona, nao wapigaji wa Tabora walichanganyikiwa nayo, maana mipira ilikuwa inatoka mahali wasipopazoea. Lakini Sixbert aliiona. Baada ya mpira wa pili mdakaji huyo aliinuka, akamwonyesha mwenzake kwa glavu: juu, kiwiko juu. Lukelo alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

Mpigaji wa kwanza alitoka. Namba ikashuka hadi thelathini na tano.

Kijani. Kioo kizima kilikuwa cha kijani sasa. Ramli ilikuwa imeridhika, kwa sababu uzi wake ulikuwa kwenye kiwiko na kiwiko kilikuwa kimepumzishwa. Kazi yote ilikuwa imehamia mahali pasipo na uzi. Gaudensia aliinuka kwenye kiti. Hili ndilo lile la msimu wa kwanza, mabega yale yote, na yeye ndiye aliyemkabidhi kijana huyu mayai ya kubeba, kwa magoti, kwa heshima zote.

Mpigaji wa pili alisimama. Mpira wa kwanza, straiki, yaani mpigaji kaukosa; zikifika tatu anatoka. Wa pili ukapita kando. Baada ya wa tatu Lukelo alishuka hatua moja kutoka kwenye tuta, akainua mkono wa kushoto na kuuweka juu ya bega la kulia, akaukandamiza mahali pamoja, juu kabisa, karibu na shingo. Uso wake ulikunjamana kisha ukajinyoosha haraka. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kijana wa miaka ishirini na tatu aliyebakiza watu wawili kufika mahali ambapo hajafika mtu anadhani wahenga walikuwa wanasema na wengine.

Simu ikalia. "Daktari, huyu mtoto vipi? Mbona anajishika?"

"Namba yake ni nzuri," alisema Gaudensia, na akaduwaa kwa kusikia amevunja sheria kwa mara ya pili, na safari hii kwa bure kabisa.

"Nzuri?"

"Nzuri Kocha. Thelathini na tatu."

"Alhamdulillahi," alisema Shemdoe, akakata simu.

Mpigaji wa pili alitoka kwa straiki. Uwanja ulisimama. Watu walikuwa wamekumbatiana na wasiowajua, akina mama wamevua vitenge wanapunga, na pale kwenye tuta alikuwa amebaki Lukelo na mpigaji mmoja wa mwisho, bwana mnene wa Tabora aliyejipaka vumbi viganjani bila haraka.

Gaudensia aliweka kidole kwenye kitufe, akakiondoa.

Alikuwa ametoa neno lake. Mtu mzima kamwambia: nimeamua, usinitoe. Je, hakujua anachoamua? Alijua cha kiwiko. Cha bega hakukijua, kwa sababu Gaudensia hakumwambia, kwa sababu pale kwenye saruji hakulifikiria bega. Alikuwa amempa nusu ya ukweli na kuuita uamuzi wake. Sasa angefanyaje? Kushuka tena hakuruhusiwi mchezo ukiwa unaendelea. Kupiga kelele asingesikika. Na asipofanya kitu, huenda kijana akarusha mipira mitatu tu, akaimaliza, akabebwa mabegani mwa watu, akawa mtu wa kuhadithiwa mpaka wajukuu. Mipira mitatu. Mabega mangapi yamevumilia mipira mitatu?

Hakuwa na namba. Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Miaka yote alikuwa anailaani Ramli, na leo angetoa chochote imwambie arobaini, imwambie tisini, imwambie lolote kuhusu lile bega. Ramli ilimwonyesha thelathini na moja, kijani kama mchicha.

Lukelo akarusha. Straiki ya kwanza. Mkono wake wa kulia ulipomaliza mzunguko haukurudi kama unavyorudi siku zote. Ulining'inia, na aliuinua kwa kuuvuta na mkono mwingine, akiligeuzia jukwaa mgongo ili wasione. Gaudensia aliona.

Akabonyeza.

Bendera nyekundu ilipanda juu ya kibanda, na kwa muda hakukuwa na sauti yoyote uwanjani. Kisha zikaja zote pamoja. Chupa iligonga kioo cha kibanda. Mtu alikuwa anapiga kelele jina la Tito Nyenza, tena na tena, na wengine wakalidaka. Gaudensia hakuinama. Alimtazama Lukelo, na Lukelo, juu ya tuta, alikuwa amegeuka na kumtazama yeye. Hakutukana wala hakutupa glavu. Aliuweka mpira chini kwa mkono wa kushoto, taratibu, akashuka.

Mrushaji wa akiba aliingia akamtoa yule bwana mnene kwa mipira miwili. Mawe walishinda, na hakuna aliyeshangilia.

*

Asubuhi yake, picha zilipigwa kwenye chumba cha tiba cha klabu. Gaudensia alizisoma mara tatu, kisha akamwita daktari wa mifupa azisome bila kumwambia ni za nani. Kano ya kiwiko ilikuwa nzima. Bega lilikuwa limevimba kidogo kama bega la mrushaji yeyote siku ya pili, na lilikuwa zima.

Kocha Shemdoe alikuwa anasubiri ukumbini, kofia mkononi. Alikuwa hajalala.

"Namba ilikuwa nzuri mama. Uliniambia mwenyewe."

"Ilikuwa nzuri."

"Sasa uliona nini?"

"Nilimwona anajishika bega. Nilimwona anauinua mkono kwa mkono."

"Watu hujishika," alisema Shemdoe bila ukali, na hilo liliuma zaidi. "Mtu akichoka hujishika. Mpira mmoja, au miwili. Mimi nina miaka sitini na sijawahi kuiona mechi safi, na sidhani kama nitaiona." Aliigeuza kofia, akaitazama ndani kama kwamba kuna kitu amekiacha. "Wakubwa wa ligi wameniuliza mlizungumza nini pale benchini. Nikamuuliza mtoto. Kasema ulikuwa utani. Wakamuuliza na wao, akawaambia hivyohivyo."

Gaudensia alizirudisha picha kwenye bahasha. Kijana angeweza kumvua usomaji kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa la kweli. "Anajua picha zimesemaje?"

"Anajua."

Mlango wa chumba cha tiba ulifunguka. Lukelo alitoka, begi lake amelitundika bega la kulia, lilelile, na alitembea bila dalili ya maumivu popote mwilini. Gaudensia alisimama. Usiku kucha alikuwa amejiandaa kwa matusi yake. Alitaka kuitwa mateka, mchawi, mjukuu wa waliokimbia vita, lolote. Alikuwa hata ametunga la kumjibu, la mbwa, zuri kuliko yote aliyowahi kutunga. Akitukanwa atajua kwamba bado wako pamoja, na siku moja, baada ya miaka, wataweza kulicheka jambo hili.

Lukelo alisimama mbele yake. Aliinamisha kichwa kidogo, kama kijana aliyelelewa vizuri anavyofanya mbele ya mkubwa asiyemfahamu.

"Shikamoo, Daktari."

Tangu wajuane hakuwahi kumwamkia hivyo. Kocha Shemdoe, ambaye kwao wana watani wao na anajua mambo haya, aligeuka akatazama dirishani. Gaudensia alisubiri kama kuna neno jingine litafuata, kicheko kidogo, konyezo. Lukelo naye alikuwa anasubiri, kwa adabu, kichwa kikiwa bado kimeinama.

"Marahaba," alisema Gaudensia, kwa kuwa shikamoo haiachwi bila kuitikiwa, na kijana akapita.